Mafuta gani kwa mpira gani: kulinganisha vilainishi kwa karakana za Dar es Salaam

"Mafuta ya mpira ni mafuta ya mpira tu, fundi. Hili pipa litakutosha mwaka mzima."

Muuzaji aliniambia hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, akiniuzia kilainishi, yaani mafuta ya kuchanganya kwenye mpira mbichi ili ulainike, nami nikalipa, maana bei ilikuwa nzuri na mafuta yenyewe yalikuwa meupe, masafi, hayana harufu. Nikayatumia kwenye sili za pampu ya dizeli, ambazo hutengenezwa kwa mpira wa nitraili. Kwenye roli za kuchanganyia mpira yaliingia kwa tabu. Yalikuwa yanateleza juu ya mpira kama maji juu ya jani la mgomba, ila nilivumilia mpaka yakaingia. Presi ya kupikia mpira ikafanya kazi yake, sili zikatoka nyeusi, zinang'aa. Baada ya wiki mbili nilifungua mfuko wa nailoni nikakuta kila sili imelowa. Ukiishika, vidole vinateleza. Nikazifuta kwa kitambaa, kesho yake zimelowa tena.

Mpira ulikuwa unatoka jasho. Mafuta yale yalikuwa ya aina ya parafini, mazuri sana kwa mpira mwingine, lakini kwa nitraili hayafai kabisa. Sili zote nilizitupa. Naandika haya kwa wenzangu wa Vingunguti, Keko, Gerezani na kwingineko hapa mjini mnaochanganya mpira wenyewe: bushi za daladala, gasketi, washa za bati, mikeka ya magari, sili. Pipa moja la lita 200 ni hela nyingi kwa karakana ndogo, na ukikosea huna pa kulipeleka.

(Neno "parafini" hapa lisikuchanganye. Siyo yale mafuta ya taa ambayo jirani zetu wa Kenya huyaita parafini. Ni jina la aina ya mafuta mazito yatokanayo na mafuta ghafi.)

Kwa nini mpira wa kiwandani unahitaji kilainishi

Mpira asilia, kama ule unaogemwa Kihuhwi kule Muheza, ukiuzungusha kwenye roli minyororo yake mirefu hukatika yenyewe kwa nguvu ya mashine na kwa hewa ya oksijeni. Thomas Hancock wa Uingereza aliligundua hilo mwaka 1820 kwa mashine yake ya kutafuna vipande vya mpira. Unazungusha, unalainika, unapokea kaboni nyeusi, yaani unga wa masizi wa kuimarisha mpira, na dawa nyingine bila ugomvi.

Mpira wa sintetiki hauko hivyo. SBR, nitraili, EPDM, yote huja kutoka kiwandani na ukakamavu wake, na ukiuzungusha saa nzima utapata joto zaidi kuliko ulaini. Joto hilo ndilo adui. Likizidi, na salfa, ile dawa ya kuivisha mpira, imeshaingia, mpira unaanza kuiva kwenye roli kabla haujafika kwenye moldi. Unaona uso wake unakuwa na vidonge vidonge, na bonge zima limekwenda. Hapa Dar, mwezi wa Januari karakana ikiwa na nyuzi 32 tangu asubuhi na maji ya kupozea roli yanatoka tangini yakiwa vuguvugu, tatizo hili huja mapema kuliko vitabu vinavyosema.

Kilainishi huingia kati ya minyororo hiyo na kuitenganisha, iteleze badala ya kusuguana. Mnato unashuka, joto la kuchanganya linashuka, kaboni inaenea vizuri, mpira unajaza kona za moldi. Ukishaiva unakuwa laini zaidi: kwa makadirio ya kazini, kila sehemu 10 za mafuta kwa sehemu 100 za mpira hushusha ugumu kama pointi 5 kwenye geji ya Shore A. Gharama yake ni kwamba nguvu ya kuvutwa na kuchanika hupungua. Kwa hiyo huwezi kumwaga tu.

Kabla sijaenda mbali, jambo moja la mkono. Usimimine mafuta yote kabla ya kaboni. Mpira ukishakuwa laini mno roli hazina cha kukamata, na kaboni hubaki madonge madonge ndani, hata kama nje panaonekana pazuri. Mimi huingiza kaboni nusu kwanza, halafu mafuta kidogo kidogo pamoja na nusu iliyobaki. Kata kipande kwa wembe uangalie pale palipokatwa: pakiwa na nukta zinazometa, bado.

Swali la kwanza ni mpira, bei baadaye

Mafuta na mpira lazima vipatane. Kuna mipira ambayo molekuli zake hazina upande wenye chaji, yaani ni kaboni na haidrojeni mwanzo mwisho: SBR, EPDM, butaili, na hata mpira asilia. Hii hupatana na mafuta ya petroli, yaani yale yatokanayo na mafuta ghafi, siyo petroli ya gari. Na kuna mipira ambayo molekuli zake zina pande zenye chaji: nitraili kwa sababu ya akrilonitraili iliyomo, na nioprini kwa sababu ya klorini. Nitraili hutaka esta, yaani vilainishi vya kemikali ambavyo navyo vina pande zenye chaji. Nioprini iko katikati, inapokea vyote kwa kiasi.

Mafuta ya petroli nayo yamegawanyika mara tatu. Ya aromatiki ni meusi au ya kijani kibichi sana, mazito, yana harufu kali. Ya nafthini ni ya manjano hafifu. Ya parafini ni meupe au ya manjano kidogo sana. Viwandani huyapima kwa pointi ya anilini: joto ambalo mafuta na kemikali ya anilini huchanganyika kabisa. Ikiwa chini, kama nyuzi 40 hivi, mafuta ni ya aromatiki. Ikizidi 100, ni ya parafini. Nafthini hukaa katikati. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa, na muuzaji anayejua anachouza atakupa karatasi hiyo ukiiomba.

SBR: hapa una uchaguzi halisi

SBR ndio mpira wa sintetiki wa kazi za kila siku: matairi, bushi za bei nafuu, mikeka, soli. Hupatana sana na aromatiki, vizuri na nafthini, na kwa kiasi tu na parafini.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa aromatiki, basi. Mafuta yale ni rahisi kwa bei, yanaingia haraka, yanasaidia mpira kushikana na mpira mwenzake wakati wa kujenga tabaka, na nguvu haipungui sana. Kuna hata SBR inayotoka kiwandani ikiwa imeshatiwa mafuta: aina ya 1712, yenye sehemu 37.5 za mafuta kwa kila 100 za mpira. Ukinunua hiyo ukaweka tena mafuta kama ulivyozoea kwenye 1502, ambayo haina, utapata uji. Soma gunia.

Lakini aromatiki ya kawaida ina kemikali za kundi linaloitwa PAH, na baadhi yake husababisha saratani. Umoja wa Ulaya ulizuia mafuta ya namna hiyo kwenye matairi kuanzia tarehe 1 Januari 2010: benzopaireni, mojawapo ya PAH hizo, isizidi miligramu 1 kwa kilo ya mafuta, na jumla ya PAH nane zilizotajwa isizidi miligramu 10. Viwanda vikahamia kwenye TDAE, ambayo ni mafuta yaleyale yaliyosafishwa PAH zikapungua, au MES, mafuta mengine yenye PAH kidogo, au nafthini nzito.

Najua mwenzangu atasema sisi hatuuzi matairi Ulaya. Kweli. Lakini fikiria ni nani anayeshika mafuta yale. Kijana anasimama mbele ya roli saa nane kwa siku, bonge liko mkononi, moshi wa mafuta ya moto unampanda usoni, jioni ananawa kwa sabuni ya unga na ule weusi hautoki kwenye mistari ya viganja. Nilimwangalia kijana wangu viganja siku moja akila ugali, nikaamua pipa la aromatiki likiisha sirudii. Sikurudia. Kwa SBR nyeusi natumia TDAE nikiipata, na nisipoipata natumia nafthini. Ndiyo, inapanda bei. Kazi inayopungua nguvu kidogo naifidia kwa kupunguza mafuta sehemu tatu au nne.

Kwa SBR ya rangi, au nyeusi itakayogusa kitu cheupe, uchaguzi umeshaisha: nafthini. Aromatiki huhama. Miguu ya mpira ya chini ya friji iliyochanganywa na mafuta meusi itaacha duara la kahawia kwenye sakafu ya plastiki, na duara hilo halitoki kwa Jiki wala kwa msasa.

EPDM: parafini, na usihangaike

EPDM ni mpira wa jua na mvua. Washa za misumari ya bati, mipira ya madirisha ya alumini, mipira ya milango ya gari, hozi za rejeta. Hewa ya ozoni haiupasui, na kwa mji ulio ufukweni wenye jua hili, hakuna unaoshindana nao kwa bei yake.

Mafuta yake ni parafini. Pipa lile lililoniharibia sili zangu lingekuwa lulu hapa. Yanapatana na mpira, hayapotei hewani kwa urahisi, na hayaharibiwi haraka na mwanga wa jua. Na EPDM ina tumbo kubwa: sehemu 50, 80, hata 100 za mafuta kwa 100 za mpira, ukiwa umeweka kaboni au chokaa ya kutosha. Ndiyo maana bidhaa ya EPDM inaweza kuwa nafuu ingawa mpira wenyewe si wa bei ya chini.

Nafthini nayo inaingia, na wapo wanaoitumia. Mimi siitumii kwa vitu vya juu ya paa. Bati la Dar mchana halishikiki kwa mkono, na mafuta mepesi yanayopotea kwa joto huacha washa imekakamaa na imesinyaa. Mwenye nyumba haoni mpaka masika yafike.

Kuna jambo moja la lazima: kama unaivisha EPDM kwa paroksaidi badala ya salfa, aromatiki usiiguse, na nafthini iwe kidogo. Paroksaidi hufanya kazi kwa chembe huria, na mafuta ya aromatiki huzinyonya chembe hizo kabla hazijafunga minyororo. Utapika dakika 15 upate mpira mbichi, uongeze dawa, upate mbichi tena.

Nitraili: hapa ndipo hela hupotea

Nimetumia muda mwingi zaidi kwenye mpira huu kuliko mingine yote, kwa sababu kila pampu, kila jenereta, kila boti ya Feri inahitaji sili za nitraili, na mteja wa sili akirudi amekasirika ana haki.

Akrilonitraili ndani yake huwa kati ya asilimia 18 na 50. Ikiwa juu, mpira unakataa petroli na dizeli vizuri zaidi, lakini unakuwa mgumu zaidi kulainisha. Ya asilimia 33 hivi ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Vilainishi vyake ni esta: DOP, DBP, DOA, DOS, DOTP, TOTM. Majina yanafanana, tabia zinatofautiana.

DBP huingia haraka kuliko zote, mpira unalainika mara moja. Ndiyo ubaya wake: molekuli yake ni ndogo, inapotea hewani. Sili iliyokaa kwenye shelfu ya duka la spea Kariakoo miezi sita imeshaanza kukakamaa. DBP kwa joto letu siipendekezi kwa mtu yeyote.

DOP ndiyo ya kawaida. Inapatana, inakaa, bei ya kati. Ila DOP na DBP zote zimo kwenye kundi la fthaleti zinazohusishwa na madhara kwa uzazi, na Ulaya haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya uzito kwenye vifaa vya watoto. Kwa sili ya trekta wengine watasema haidhuru. Kwa mpira wa chupa, kifaa cha kuchezea, au gasketi ya chakula, hapana. DOTP ina umbo la karibu na DOP bila kuwa kwenye kundi hilo, inafanya kazi ileile kwa kipimo kilekile, na tofauti ya bei si ya kukufilisi. Kama leo ningeanza upya, DOTP ndiyo pipa langu la kwanza la nitraili.

DOA na DOS ni za baridi. Hufanya mpira uendelee kunyumbuka kwenye nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri. DOS hutokana na asidi ya sebasiki, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, kwa hiyo ina asili ya shambani. Ni nzuri na ni ghali. Sasa jiulize: Dar baridi hiyo iko wapi? Asubuhi ya Julai ikishuka nyuzi 18 tunavaa masweta. Nimeona fomula zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka vitabu vya nchi za theluji, fundi ananunua DOS kwa bushi za bajaji. Hiyo ni hela imetupwa. Mahali pake hapa ni sili za milango ya vyumba vya kugandishia samaki na mashine za barafu. Kwingine acha.

TOTM ni ya joto. Molekuli yake ni kubwa, haipotei hewani hata kwenye injini. Sili ya karibu na silinda, gasketi ya jenereta inayofanya kazi usiku kucha umeme ukikatika, hapo TOTM inastahili bei yake.

Sasa kosa langu la pili, ambalo lilinifundisha kuliko la kwanza. Baada ya kuachana na parafini nilihamia DOP, na nikafurahi jinsi roli zilivyokuwa nyepesi, nikaweka sehemu 30. Sili zikatoka laini, hazitoki jasho, kila mtu ameridhika. Miezi michache baadaye anakuja mama mmoja wa Kigamboni mwenye pampu ya kuvuta dizeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sili zako zinavuja. Pampu ikifanya kazi kila siku haina neno, ikilala wiki moja tu, nikiwasha inamwaga."

Nilichukua sili mpya nikaipima kwenye mizani ya sonara, gramu 20 kasoro kidogo. Nikaizamisha kwenye kopo la dizeli, nikafunika, nikaiacha siku saba. Ilipotoka ilikuwa imevimba kidogo. Nikaianika kivulini mpaka dizeli yote ikatoka, nikaipima tena. Imepungua zaidi ya gramu mbili, na ilikuwa ngumu, na ukiiingiza kwenye shafti inacheza. Zile gramu mbili zilikuwa DOP yangu. Dizeli iliingia ndani ya mpira ikaitoa, na wakati pampu inafanya kazi dizeli yenyewe ilikuwa imeshika nafasi ya kilainishi, ndiyo maana haikuvuja. Pampu ikikauka, sili inasinyaa.

Esta zote za molekuli ndogo hufanya hivyo, DOTP pia. Njia za kutoka ni tatu. Kuna vilainishi vya esta vyenye minyororo mirefu, ambavyo dizeli haivitoi kwa urahisi, lakini ni vizito kama asali na bei yake iko juu. Kuna nitraili ya maji, yaani mpira wenyewe ulio katika hali ya kimiminika, ambao huiva pamoja na ule mwingine na haung'oki tena. Bei iko juu zaidi. Na kuna njia ninayoitumia mimi: nanunua nitraili yenye mnato mdogo tangu kiwandani, kama 30 au 35 kwa kipimo cha Mooney, napunguza kaboni kidogo, naweka kilainishi sehemu 5 hadi 8 tu. Roli inafanya kazi zaidi, kijana analalamika, sili haivuji. Kwa kitu kitakachokaa ndani ya mafuta, kilainishi bora ni kile ulichokiacha nje.

Nioprini na butaili, kwa kifupi

Nioprini: nafthini sehemu 10 hadi 15 inatosha kwa kazi nyingi. Esta ni za baridi, kwa hiyo kwetu si muhimu.

Butaili, wa tyubu na vizuizi vya hewa: parafini. Butaili ina sehemu chache mno za kufungia salfa, na mafuta yenye sehemu hizo yatashindana nao wakati wa kuiva. Aromatiki inaharibu.

Vya nyumbani: korosho, mawese, oili chafu

Watu huniuliza sana kuhusu mafuta ya hapahapa, na swali ni la maana, kwa sababu kila kilo tunayoagiza hulipiwa dola.

Mafuta ya ganda la korosho ndiyo yenye ahadi kubwa. Tunalima korosho Mtwara na Lindi, na ganda lake lina kimiminika cha kahawia kizito. Kikiwa kibichi kina asidi ya anakadi kwa wingi. Kikichemshwa asidi hiyo hugeuka kadanoli. Kadanoli ina kichwa cha fenoli na mkia mrefu wa kaboni 15. Kichwa hupatana na nitraili, mkia hutelezesha minyororo, na fenoli yenyewe hupunguza kuzeeka kwa mpira. Kama kilainishi cha nitraili na mpira asilia inafanya kazi kweli. Ila kuna mambo matatu. Huchelewesha kuiva, kwa hiyo kipimo cha dawa lazima ukirekebishe. Kwa paroksaidi haifai, sababu ni ileile ya chembe huria. Na kikiwa kibichi huchoma ngozi: waulize kinamama wanaobangua korosho, waoneshe vidole vyao. Ukiitumia, nunua iliyochemshwa, na glavu zisikosekane. Rangi yake ni ya kahawia, kwa hiyo ni ya bidhaa nyeusi.

Mawese na alizeti hulainisha SBR na nioprini kwa kiasi kidogo, sehemu mbili tatu. Zaidi ya hapo mpira unatoka jasho, na mafuta haya yana sehemu zinazokula salfa, alizeti zaidi kuliko mawese. Baadaye bidhaa inachacha na kunuka. Kuna namna moja ya kuyatumia iliyo bora: mafuta ya mimea yaliyopikwa na salfa yakawa kama jeli ya kahawia, yanaitwa faktisi. Hayo hayalainishi sana, lakini ukiwa unasukuma mpira kupitia mdomo wa mashine kutengeneza hozi au mpira wa mlango, faktisi huufanya utoke na umbo lilelile la mdomo bila kuvimba.

Oili chafu ya magari: usitumie. Najua inatumika, na najua inapatikana bure au kwa bei ya soda. Ndani yake kuna chembe za chuma zilizosagika injini, mabaki ya moshi yenye PAH, asidi, na dawa ambazo kiwanda cha oili kiliziweka kwa kazi ya injini. Kila kidumu kina mchanganyiko wake. Leo mpira utaiva kwa dakika 10, kesho kwa 16, na hutajua kwa nini. Bushi ya daladala ikichanika katikati ya barabara ya Mandela kuna watu 30 ndani ya gari.

Bei: kilo, siyo lita

Fomula ya mpira hupimwa kwa uzito, na mafuta huuzwa kwa pipa la lita 200. Aromatiki ina uzito wa karibu kilo moja kwa lita. Pipa lake ni kama kilo 200. Nafthini ni kama 0.91, unapata kilo 182. Parafini ni kama 0.87, unapata kilo 174. Gawa bei kwa kilo ndipo ulinganishe. Mara mbili nimekuta pipa "la rahisi" lilikuwa la ghali.

Bidhaa ya mwisho nayo tunaiuza kwa idadi, kwa hiyo mafuta yanayokuruhusu kuweka kaboni zaidi, kama parafini kwenye EPDM, yanaweza kushusha gharama ya kila washa hata kama pipa lenyewe limepanda. Piga hesabu ya bonge zima.

Na ukiwa unaagiza mwenyewe kupitia bandarini badala ya kununua mjini, kumbuka kemikali za viwandani zina usajili wake kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Fanya usajili kabla mzigo haujapanda meli. Mzigo ukishakaa bandarini gharama za kuuhifadhi zinaanza kuhesabika.

Kabla ya kununua pipa

Omba lita moja. Muuzaji akikataa kukuuzia lita moja, tafuta mwingine.

Changanya bonge dogo, kilo moja inatosha, kwa fomula yako ya kawaida. Angalia kwenye roli: mafuta yanayopatana huingia na kupotea, yasiyopatana yanakaa juu, mpira unateleza na kupasuka kingo. Pika kipande bapa, unene wa milimita mbili. Kikate vipande vitatu.

Kipande cha kwanza kifunge katikati ya karatasi mbili za tishu nyeupe, weka tofali juu, kiache siku tatu mahali pa joto, mimi huweka juu ya presi panapofika nyuzi 60 hadi 70. Tishu ikiwa na doa la mafuta, pipa hilo si lako. Cha pili kizamishe kwenye kile kitakachogusa bidhaa yako, dizeli, oili ya breki au maji ya rejeta, siku saba, ukikianike, ukipime kama nilivyopima sili ya yule mama. Cha tatu kipigilie msumari juu ya bati la karakana, kikae juani mwezi mzima. Kila Jumamosi panda ukikunje kwa vidole.